Kabla hujaweka hela kwenye bangi halali: mwongozo kamili kuanzia karatasi mpaka mzigo

Watu wengi wakisikia nchi fulani imehalalisha bangi, swali la kwanza ni leseni bei gani, la pili ekari moja inatoa kilo ngapi. Yote mawili yamekuja mapema mno. Kwenye hii biashara mmea ndo sehemu rahisi, bangi inaota hata pale ambapo hakuna aliyeipanda, ila kinachouzwa hasa ni karatasi, yaani ushahidi kwamba huu mzigo umetoka shamba fulani lenye leseni, umepimwa, una kiasi hiki cha THC (kemikali ya bangi inayolewesha), hauna ukungu, na kuna serikali mbili zimekubali upite. Ukikosa hizo karatasi unabaki na majani tu, na sehemu nyingi hayo majani ni kesi.

Kwa hiyo huu mwongozo unaanzia kwenye sheria na unaishia kwenye sheria, kilimo kitaguswa kidogo tu katikati. Na niseme mapema, kama ulipo sheria inakataza kabisa basi hakuna hatua humu ndani itakayokukinga, kuna watu wameozea jela kwa sababu waliamini "imeshapitishwa" kumbe kilichopita ni mjadala tu bungeni.

Hatua ya kwanza: jua unaongelea mmea upi

Kibotania ni mmea mmoja, kisheria ni minne. Kuna hempu, ambayo ni bangi ya viwandani kwa ajili ya nyuzi na mbegu. Kuna bangi ya dawa. Kuna ya starehe kwa watu wazima. Halafu kuna CBD, kemikali ya bangi isiyolewesha, ambayo inakaa katikati na kusumbua kila mtu, nchi moja inaiona chakula, nyingine dawa, nyingine kipodozi.

Mpaka kati ya hempu na bangi mara nyingi ni namba tu. Marekani kwa sheria ya kilimo ya 2018 hempu ni mmea wenye delta-9 THC, ndo ile THC yenyewe inayolewesha, isiyozidi asilimia 0.3 ya uzito mkavu. Umoja wa Ulaya nao ulipandisha kiwango cha kilimo kutoka 0.2 kwenda 0.3 kuanzia 2023. Nchi nyingine zina namba zao, usibebe ya jirani.

Sasa hapa kuna kitu kinawaliza wengi: THC ipi inayopimwa? Mmea mbichi una THC kidogo sana na THCA nyingi, THCA ikipata moto inageuka THC. Ndo maana maabara zina hesabu ya THC jumla, wanachukua THC iliyopo wanajumlisha na THCA iliyozidishwa kwa 0.877. Chukua ua lenye THC asilimia 0.2 na THCA asilimia 1.5, kwa kipimo cha delta-9 peke yake limepita vizuri, kwa THC jumla linafika karibu 1.5, yaani mara tano ya kikomo. Ua ni lile lile, shamba lile lile, moja hempu moja dawa ya kulevya. Kwa hiyo kabla hujanunua mbegu tafuta kwenye kanuni zenyewe ni neno gani limeandikwa, "delta-9" au "jumla". Zao likizidi linateketezwa, au likibahatika linasagwa lote na kupimwa upya pale kanuni zinaporuhusu, na bima nyingi haziligusi.

Na usidhani ukishasoma mara moja imetosha. Ile sheria ya 2018 iliacha mwanya, watu wakawa wanachukua CBD ya hempu wanaigeuza delta-8, aina nyingine ya THC inayolewesha, kwenye maabara wanauza pipi na vinywaji vya kulewesha mpaka vituo vya mafuta, biashara kubwa ikajengeka juu ya huo mwanya. Novemba 2025 Bunge la Marekani likaubana kupitia sheria ya bajeti, THC jumla badala ya delta-9, na bidhaa iliyokamilika isizidi miligramu 0.4 za THC kwa chombo kizima, wakapewa mwaka mmoja. Waliojenga viwanda kwa ajili ya mwanya wakabaki na mashine.

Hatua ya pili: neno "halali" liulize linaruhusu nini hasa

Hii ni hatua ndefu kuliko zote na naomba usiiruke, manake hapa ndo watu wanapoteza mtaji kabla hata hawajaanza.

Kuruhusu kutumia na kuruhusu kuuza ni vitu viwili tofauti kabisa. Afrika Kusini mahakama ya katiba mwaka 2018 ilisema mtu mzima anaweza kutumia na kulima bangi faraghani, na sheria yake ikasainiwa Mei 2024, lakini kuuza kwa ajili ya starehe haikuruhusu. Ujerumani kuanzia 1 Aprili 2024 mtu mzima anaweza kutembea na gramu 25, kuweka gramu 50 nyumbani na kulima miche mitatu, na kuanzia Julai mwaka huo vilabu vya kulima vikaruhusiwa, wanachama wasiozidi 500, visivyo vya faida. Umeona? Hakuna duka. Mtu aliyesikia "Ujerumani imehalalisha" akakimbilia kutafuta fremu ya duka amepoteza muda, wakati pesa ya kweli kule ilikuwa kwenye bangi ya dawa inayopita famasi, ambayo ilianza tangu 2017.

Kanada ndo mfano wa soko lililofunguliwa kweli, sheria ilianza 17 Oktoba 2018, kuna wazalishaji wenye leseni ya serikali kuu na maduka yanayosimamiwa na majimbo. Uruguay ilitangulia kwa sheria ya Desemba 2013, ila mauzo kwenye famasi yakaanza Julai 2017, miaka mitatu na nusu baadaye! Hilo pengo kati ya sheria kupita na duka kufunguliwa ndilo linaloua wawekezaji wadogo, maana kodi ya jengo na mishahara haisubiri kanuni.

Kwa hiyo soma kwa mpangilio huu. Juu kabisa kuna mkataba wa umoja wa mataifa wa 1961 kuhusu dawa za kulevya, huo unaruhusu matumizi ya dawa na sayansi, unaitaka nchi inayolima bangi kwa ajili ya dawa iwe na chombo cha serikali cha kusimamia, na kilimo cha nyuzi na mbegu haukihusu. Desemba 2020 tume ya dawa za kulevya ya umoja wa mataifa ilipiga kura 27 kwa 25 kuitoa bangi kwenye jedwali la nne la mkataba, lile kali kuliko yote, lakini ikabaki jedwali la kwanza, kwa hiyo masharti ya vibali yapo pale pale. Chini yake kuna sheria mama ya nchi, ile iliyopita bungeni. Halafu kanuni za waziri. Halafu matangazo na miongozo ya mamlaka. Biashara yako inaishi kwenye kanuni na matangazo, siyo kwenye hotuba ya waziri kwenye habari za saa mbili.

Halafu angalia kilichofanya iwe halali kina uzito gani. Thailand Juni 2022 iliitoa bangi kwenye orodha ya dawa za kulevya kabla ya kutunga sheria ya kuisimamia, maduka yakafunguliwa kwa maelfu, watu wakaweka akiba zao humo. Serikali zikabadilika, sheria ile ya kusimamia haikupatikana, na Juni 2025 waziri wa afya akasaini tangazo kwamba ua la bangi liuzwe kwa cheti cha daktari tu. Saini ya waziri ilifungua, saini ya waziri ikafunga. Naumia nikifikiria wale wenye maduka madogo, hawakuvunja sheria yoyote, walijenga tu juu ya kitu kisicho na msingi. Ukikuta soko linategemea tangazo la waziri mmoja, weka pesa ambayo unaweza kuirudisha ndani ya miezi, usiweke ya miaka kumi.

Hatua ya tatu: leseni isome kama unasoma hati ya nyumba

Leseni ya bangi haipo moja. Kuna ya kulima, ya kuchakata, ya kuuza jumla, ya duka, ya utafiti, ya maabara, ya kusafirisha nje, na mara nyingi mwenye moja haruhusiwi kufanya kazi ya nyingine. Nimeshaona mtu anajivunia ana leseni, ukiisoma ni ya utafiti, hawezi kuuza hata gramu moja.

Maswali ya kuuliza ukiwa nayo mkononi: imetolewa kwa jina la nani, kwa kiwanja kipi hasa, kwa vyumba vipi, ukubwa gani, inaisha lini, inahamishika au inakufa na mwenye kampuni, na ni nini kinachoweza kuifuta. Hilo la vyumba msilichukulie poa. Kampuni ya CannTrust ya Kanada mwaka 2019 ilikutwa inalima kwenye vyumba ambavyo vilikuwa bado havijapata kibali, jengo lake mwenyewe, mmea wake mwenyewe, na wizara ya afya ikasimamisha leseni zake, hisa zikaporomoka, mzigo ukateketezwa.

Gharama ya leseni yenyewe mara nyingi ni ndogo ukilinganisha na kinachoizunguka. Uzio, kamera, stoo yenye kufuli za kiwango, uchunguzi wa rekodi za jinai za wakurugenzi na wenye hisa, mfumo wa kufuatilia kila mche tangu mbegu mpaka dukani, mhusika wa ubora mwenye sifa. Kanada tangu Mei 2019 ukiomba leseni mpya ya kulima lazima uwe umeshamaliza kujenga, yaani unaweka mtaji wote kwanza halafu ndo unasubiri jibu. Kwenye bajeti yako weka miezi ya kusubiri bila kuingiza hata shilingi.

Hatua ya nne: tafuta mnunuzi kabla ya mbegu

Hapa nitasema wazi, asilimia kubwa ya maneno mtandaoni kuhusu kuuza bangi ya dawa Ulaya yanatoka kwa watu wanaouza mbegu, mabanda au semina, siyo kwa wanaonunua maua.

Mnunuzi wa Ulaya wa bangi ya dawa anataka mambo mawili makubwa. La kwanza ni kilimo kinachofuata utaratibu unaoitwa GACP, ambao ni kilimo na uvunaji safi wenye rekodi za kila kitu, maji, mbolea, nani aligusa nini lini. La pili ni EU-GMP, ambacho ni kiwango cha viwanda vya dawa, kinahusu kukausha, kusafisha, kufungasha, na hiki lazima kikaguliwe na mamlaka ya dawa ya nchi ya Ulaya. Shamba zuri bila hiyo ya pili linauza kwa dalali anayepitisha mzigo kwenye kiwanda cha mtu mwingine, na faida inabaki huko.

Halafu maua yawe sawa sawa kila msimu. Daktari akimwandikia mgonjwa aina yenye THC asilimia 20 anataka mwezi ujao iwe hiyo hiyo, kwa hiyo wanalima kwa vipandikizi vya mmea mama mmoja, siyo mbegu za kubahatisha. Kila mzigo unapimwa THC na CBD, unyevu, ukungu na bakteria, metali nzito, mabaki ya dawa za wadudu. Bangi inafyonza metali kutoka ardhini vizuri sana, kwa hiyo pima udongo na maji kabla hujakodi shamba, hiki ni kipimo cha bei rahisi kinachookoa mamilioni.

Na kila mzigo unaovuka mpaka unahitaji vibali viwili, cha kuingiza kutoka nchi ya mnunuzi na cha kutoa kutoka nchi yako, kwa kila safari. Juu ya hapo kila nchi inapeleka makadirio yake ya mahitaji kwa bodi ya kimataifa ya kudhibiti dawa za kulevya, kwa hiyo huwezi kuamka tu ukatuma tani. Ndo maana Lesotho, iliyotoa leseni za bangi ya dawa mwaka 2017 kabla ya nchi nyingine za Afrika, haikuona utajiri unashuka kwa wakulima wake wa kawaida waliolima miaka yote milimani, masharti yalikuwa ya watu wenye mtaji wa kigeni. Morocco kwa sheria yake ya 2021 ilijaribu njia nyingine, ikataja majimbo ya Al Hoceima, Chefchaouen na Taounate, na kuwataka wakulima wa humo wajiunge kwenye ushirika ndo wauze kwa viwanda vyenye leseni. Mimi naona njia hii ina haki zaidi, na kama nchi yako inatunga kanuni sasa hivi ni jambo la kulipigia kelele kabla hazijasainiwa.

Kwa hiyo kabla ya mbegu uwe na mkataba wa mnunuzi ulioandikwa: aina gani, kiwango gani cha THC, kilo ngapi, nani analipia vipimo, mzigo ukikataliwa maabara nani anabeba hasara. Barua ya "tuna nia ya kununua" si mkataba, benki haikopeshi kwa nia.

Hatua ya tano: piga hesabu ya kodi kabla ya faida

Serikali nyingi zinaitoza bangi kodi kama vile itauzwa bei ya juu milele. Kanada ushuru wa maua ni dola 1 kwa gramu au asilimia 10, kile kilicho kikubwa. Iliwekwa watu wakitegemea gramu itakuwa kama dola 10, hapo ushuru ni sehemu ya kumi. Wazalishaji wakajenga mabanda makubwa kupita mahitaji, bei ya jumla ikashuka, na mzalishaji anayeuza gramu kwa dola 3 bado anadaiwa ile dola 1, yaani theluthi ya mauzo inaondoka kabla hajalipa umeme. Makampuni mengi yakalimbikiza madeni ya ushuru mpaka yakafa.

Marekani kuna kifungu 280E, cha tangu 1982, kinasema anayeuza dawa ya daraja la kwanza au la pili, yaani makundi ya dawa za kulevya yenye masharti makali zaidi, haruhusiwi kuondoa gharama za kawaida kwenye kodi ya serikali kuu, isipokuwa gharama ya bidhaa yenyewe. Chukua duka la mfano lenye mauzo 1,000,000, bidhaa zimegharimu 600,000, mishahara na pango 300,000. Faida ya kweli ni 100,000. Duka la viatu lingelipa asilimia 21 ya hiyo, 21,000. Duka la bangi linatozwa asilimia 21 ya 400,000, ambayo ni 84,000, linabaki na 16,000 kwa mwaka mzima wa kazi.

Ndo maana habari ya kuihamishia bangi daraja la tatu ina uzito. Wizara ya afya yao ilipendekeza Agosti 2023, pendekezo rasmi la kanuni likatoka Mei 2024, likakwama, na Desemba 2025 Rais Donald Trump akasaini amri ya kuharakisha. Daraja la tatu halifanyi bangi kuwa halali nchi nzima, ila linaondoa huo mzigo wa 280E. Mtu akikuuzia hisa kwa kusema "ikihamishwa tu inapaa", muulize deni lake la kodi za nyuma ni kiasi gani.

Hatua ya sita: benki, na hii inawagusa hata walio mbali na Marekani

Uruguay 2017, famasi zilizoanza kuuza bangi kwa leseni ya serikali zikaambiwa na benki zao akaunti zitafungwa, sababu benki za Marekani zinazoshirikiana nazo zilikataa pesa ya bangi. Halali nyumbani, na bado akaunti inafungwa. Kwa hiyo nenda benki kabla hujasajili kampuni, uliza kwa maandishi wanakubali biashara hii au hapana, na kama malipo yatakuja kwa dola uliza yanapita benki gani njiani. Usifiche ukaandika "mazao ya kilimo" kwenye fomu, ikigundulika ni kosa lingine juu ya jingine.

Na walio ughaibuni nisikilizeni kwenye hili. Marekani idara ya uhamiaji ilitoa mwongozo Aprili 2019 kwamba kujihusisha na bangi, hata kufanya kazi tu kwenye duka lenye leseni ya jimbo, kunaweza kukuharibia maombi ya uraia, maana kwa sheria ya serikali kuu ni kosa. Kama bado una kadi ya kijani au viza, ongea na wakili wa uhamiaji kabla ya kuchukua hiyo kazi ya duka la bangi, hata kama unalipwa vizuri na unakatwa kodi.

Hatua ya saba: kama unataka kuwekeza tu bila kulima

Hisa za bangi zina historia ya kupanda kwa hisia. Tilray, kampuni ya bangi ya Kanada, iliingia soko la hisa la Nasdaq Marekani Julai 2018 kwa dola 17, Septemba ikagusa dola 300 kwa siku moja, na walionunua kule juu hawajawahi kuziona tena. Canopy Growth, nayo ya Kanada, ilipokea dola bilioni 5 za Kanada kutoka kwa kampuni ya vinywaji Constellation Brands mwaka 2018, na 2020 ikafunga mabanda makubwa ya jimbo la British Columbia kwa sababu mzigo ulizidi soko. Kwa hiyo ukisoma taarifa ya kampuni ya bangi usiangalie kilo wanazozalisha, angalia kilo walizouza, fedha taslimu iliyobaki itatosha miezi mingapi, na ni mara ngapi wametoa hisa mpya kujilipia mishahara.

Utapeli wenyewe unafanana kila mahali: "nunua mche wako mmoja, sisi tutaulima, utapata faida kila mavuno". JuicyFields, jukwaa la mtandaoni la uwekezaji wa bangi, ilikuwa hivyo hivyo, unaanza na euro 50 tu, ina maonyesho na video na magari ya kifahari, ikaanguka Julai 2022, na Europol, shirika la polisi la Umoja wa Ulaya, ilipotangaza ukamatwaji wa watu 9 Aprili 2024 ilisema watu kama 186,000 walikuwa wameweka euro milioni 645. Mmea haukuwepo wa kutosha kulipa hiyo faida. Ukiletewa kitu cha namna hii omba vitu vitatu, namba ya leseni ya kulima ukaithibitishe mwenyewe kwa mamlaka iliyoitoa, kibali cha mamlaka ya masoko ya mitaji cha kukusanya pesa za umma, na jina la mnunuzi wa mavuno. Kimoja kikikosekana ondoka, na mwambie aliyekuleta naye atoe zake.

Kwa mtu mwenye mtaji wa kawaida mimi ningeangalia pembeni ya mmea, vipimo vya maabara, vifungashio visivyofunguka kwa mtoto, uhasibu, ulinzi, mifumo ya kukausha, ushauri wa ubora. Hizi kazi ukizijua unaweza kuhudumia na wakulima wa chai au wa mimea tiba soko la bangi likilala.

Hatua ya nane: andika mapema utatokaje

Hii inapita haraka ila ifanye siku ya kwanza. Kwenye mkataba wa pango weka kifungu cha kuvunja kama leseni haitatoka au sheria ikibadilika. Kwenye mkataba wa mnunuzi andika nani anabeba mzigo uliokwama bandarini kanuni zikibadilika njiani. Kwa wenza wako andikeni leseni ni ya nani mkigombana. Na ulizia mamlaka utaratibu wa kuteketeza, maana bangi iliyokwisha leseni huwezi kuitupa jalalani wala kumpa jirani, inahitaji shahidi, mizani na fomu, na ada yake inalipwa na wewe.